Hewa ya akiba ni nauli ya kurudi: Siku nne baharini Watamu na Kilifi

UKIPANDA matatu mjini Mombasa alfajiri, utafika Watamu kabla ya saa nne ukiwa bado na hamu ya chai ya pili. Utavuka daraja la Nyali, upite Mtwapa isiyolala, kisha uyaone mashamba ya mkonge ya Vipingo, safu kwa safu kama askari wa gwaride. Utavuka daraja la Kilifi lililofunguliwa mwaka wa 1991, mahali ambapo zamani wasafiri walivushwa kwa feri. Tezo, Roka, Matsangoni, Mida. Majina yatapita dirishani pamoja na minazi na mikorosho. Kwenye njia panda ya Gede utashuka, na tuktuk itakupeleka upande wa kulia kuelekea baharini.

Mkononi una mfuko wa nguo. Kwenye pochi una pesa za matumizi. Na mahali fulani, pengine ndani ya soksi, umeficha noti ambayo huigusi hata samaki wa kupaka akinukia namna gani. Hiyo ni nauli ya kurudi. Mama yako alikufundisha hivyo tangu ulipoanza kusafiri peke yako, naye alifundishwa na mamake.

Makala haya, msomaji mpendwa, yanahusu nauli hiyo. Ila hapa tunazungumzia safari ya mahali ambapo ukiishiwa huwezi kukopa dukani wala kumpigia simu shangazi akutumie. Tunazungumzia hewa ya akiba anayoibeba mtu anayezama chini ya bahari kwa starehe.

Huenda ukauliza: Mambo hayo si ya watalii? Zamani ungekuwa na haki ya kuuliza. Siku hizi, ukisimama ufuoni Watamu au Malindi wakati wa likizo ya Desemba, utawaona Wakenya wenzako, wanafunzi wa vyuo na hata akina baba na watoto wao, wamevaa jaketi na mitungi mgongoni wakienda kutazama samaki. Ni jambo la kufurahisha. Lakini wengi wao wanajua bei ya safari kuliko wanavyojua hesabu ya pumzi zao. Mimi nilikuwa mmoja wao, na nusura nilipie ujinga huo.

Bustani iliyo chini ya maji

Kwanza nikueleze kinachowavuta watu huko chini. Hifadhi za baharini za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka wa 1968, nazo ni miongoni mwa za kwanza kabisa barani Afrika. Zinasimamiwa na Shirika la Wanyamapori, KWS. Ndani ya hifadhi huruhusiwi kuvua samaki wala kuokota kombe. Unachoondoka nacho ni yale uliyoyaona, na picha kama una kamera.

Na ya kuona ni mengi. Kuna matumbawe ya rangi na maumbo ambayo mchoraji angeona haya kuyachora, akidhani watu watasema ametia chumvi. Ni kweli kwamba joto la bahari la mwaka wa 1998 liliyapausha na kuyaua mengi, na bado hayajasahau kipigo hicho, lakini uhai umerudi katika sehemu nyingi. Kuna kasa wanaopita polepole kama wazee wanaotoka msikitini. Kuna taa, kuna mikunga wanaochungulia mashimoni, na karibu na mlango wa Mida kuna mapango yanayosifika kwa tewa wakubwa. Kati ya Oktoba na Machi, mwenye bahati hukutana na papa-nyangumi, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye hana haja na nyama yako.

Bahari hiyo ina tabia zake, na msafiri anafaa azijue. Wakati wa kaskazi, takriban Novemba hadi Machi, maji huwa tulivu na maangavu. Kusi ikianza kuvuma, mawimbi hupanda, maji huchafuka, na baadhi ya vituo vya uzamiaji hufunga milango. Upande wa Malindi, Mto Sabaki unaoingia baharini kaskazini mwa mji huleta udongo mwekundu kutoka bara, na baada ya mvua unaweza kushindwa kumwona mwenzako aliye umbali wa hatua chache. Mlangoni pa Mida nako, maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita nne, na mkondo wake humvuta mtu kama jani. Yakumbuke maji machafu na mkondo. Ndivyo vinavyowatenganisha wenzi, na mwenzi ndiye akiba ya kwanza ya mzamiaji.

Siku niliyokula nauli yangu

Nilipata cheti cha uzamiaji huku huku Watamu, baada ya siku nne za mafunzo. Cheti hicho cha mwanzo humruhusu mtu kushuka hadi mita 18. Nilikifurahia kama mtoto aliyepata baiskeli. Baada ya siku chache nikarudi baharini na kikundi kidogo. Kituo sitakitaja, kwa maana kosa halikuwa lake, lilikuwa langu.

Mwalimu wetu alikuwa mzaliwa wa Watamu, mtu aliyepita umri wa miaka hamsini, mpole wa maneno. Mwenzi niliyepangiwa alikuwa kijana mwanafunzi wa chuo kikuu kutoka Nairobi. Kabla ya kuruka majini, mwalimu alirudia maagizo: wenzi wasiachane kuliko umbali wa kufikiana haraka, kila baada ya dakika chache mtu aangalie geji yake, ikifika baa 100, yaani nusu, umwonyeshe ishara. Baa hiyo, msomaji, si ile ya kunywea pombe. Ni kipimo cha mgandamizo wa hewa ndani ya mtungi. Tulianza na baa 200.

Tulishuka hadi mita 17. Kwenye jabali moja nikamwona kasa akila, hana habari nami. Nikakaa naye. Mwenzangu alikuwa upande wa pili akipiga picha. Mkondo ukatusukuma polepole, yeye huku, mimi kule, wala hatukutambua. Nilipokumbuka kutazama geji, mshale ulikuwa umeingia zamani kwenye sehemu nyekundu. Baa 30.

Moyo ulinidunda masikioni. Niligeuka nikamwona mwenzangu kwa mbali kama kivuli, amenipa mgongo. Nikaanza kupiga mapezi kumfuata. Kadiri nilivyopiga ndivyo nilivyopumua kwa nguvu, na kadiri nilivyopumua ndivyo mshale ulivyoshuka. Mwishowe hewa ikaanza kuja kwa shida, kama kunyonya uji mzito kwa mrija. Majini huwezi kupiga kelele. Huwezi kusema “ngojeni”.

Mkono ukanishika begani. Mwalimu alikuwa ameniona. Alinitia kinywani kipumulio chake cha pili, akanitazama machoni, akanipungia kiganja: polepole. Tukapanda pamoja, tukasimama mita 5 kutoka juu kwa dakika tatu kama sheria inavyotaka. Dakika hizo zilikuwa ndefu kuliko hotuba zote za Madaraka nilizowahi kuzisikiliza.

Kwenye mashua nilipewa chai ya tangawizi. Mikono ilikuwa ikitetemeka hata kikombe kikagonga meno. Mwalimu akaketi kando yangu.

“Mwanangu, ulikosa nini kule chini?”

“Nilikosa mtungi wa pili, mwalimu. Kama ule wako wa kando.”

Akatikisa kichwa. “Hapana. Baa 30 zilitosha kukupandisha juu taratibu na kubaki. Ulikuwa na nauli ya kurudi. Umeila njiani ukimkimbiza mtu.”

Sikuwa na jibu. Kisha akaugusa mtungi mdogo uliofungwa ubavuni mwa ule mkubwa. “Huu nao nauheshimu sana. Lakini ni wa siku ambayo nimefanya kila kitu sawasawa na bado chombo kikaniangusha. Si wa siku niliyosahau kutazama geji.”

Maneno hayo nimeyabeba hadi leo, na ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya.

Hesabu ya pumzi

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu mtu hajui akiba yake ni kubwa au ni jina tu. Usiogope, ni ya shule ya msingi.

Mtungi wa kawaida wa lita 12 uliojazwa baa 200 una lita 2,400 za hewa. Mzamiaji aliyetulia anayeogelea hupumua kama lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji. Kwa hiyo akiogelea juu ya maji, mtungi huo ungemtosha dakika 120. Lakini maji yana uzito. Kila ukishuka mita 10, mgandamizo huongezeka kwa kadiri ileile ya hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu ufuoni. Robert Boyle alieleza mwaka wa 1662 jinsi hewa inavyosinyaa inapogandamizwa, na sheria yake ndiyo inayomtawala kila mzamiaji. Kwenye mita 10 kila pumzi humeza hewa maradufu, na mtungi ni wa dakika 60. Kwenye mita 20 ni mara tatu, dakika 40. Kwenye mita 30 ni mara nne, dakika 30 tu.

Sasa toa akiba. Desturi ni kurudi juu ukiwa na baa 50 mtungini, yaani lita 600 ambazo hukuzigusa. Pale kwenye mita 20, zile dakika 40 zimekuwa 30. Na hesabu hiyo ni ya mtu aliyetulia. Aliyeshikwa na hofu hupumua mara mbili ya hapo au zaidi, kama nilivyofanya mimi. Hofu ina njaa.

Sheria ileile ya Boyle ina upande mwingine ambao ni lazima uujue. Hewa iliyo kifuani mwako kwenye mita 10 itavimba maradufu ukifika juu. Ukiibana pumzi huku ukipanda, mapafu yanaweza kupasuka. Ndiyo maana somo la kwanza kabisa la uzamiaji husema: usibane pumzi kamwe. La pili husema: usipande haraka. Mwendo unaokubaliwa na wengi ni mita 9 kwa dakika, ili gesi ya naitrojeni iliyoingia mwilini itoke polepole. Ikitoka kwa kishindo hufanya mapovu kama soda iliyotikiswa, na mapovu hayo huweza kumlemaza mtu. Tiba yake ni kuingizwa katika chumba maalumu cha mgandamizo, na vyumba vya namna hiyo ni vichache mno Afrika Mashariki.

Kwa sababu hiyo hewa ya akiba haipimwi kwa swali “nitakaa chini muda gani zaidi?” Hupimwa kwa swali “itanifikisha juu kwa mwendo wa haki?”

Pweza asiye na macho

Akiba ya kwanza, nimesema, ni mwenzi. Kila mzamiaji wa siku hizi hubeba vipumulio viwili kwenye mtungi wake mmoja: cha kwake, na cha pili chenye bomba refu, mara nyingi la rangi ya manjano ili lionekane. Hicho cha pili huitwa oktopasi, yaani pweza, kwa jinsi mabomba yanavyoning'inia kama mikono ya mnyama huyo. Ukiishiwa, unapitisha kiganja mbele ya koo kama anayechinja, mwenzako anakupa pweza wake, mnashikana, mnapanda.

Ni mpango mzuri, na watu wengi wamepona kwao. Lakini una masharti mawili. La kwanza, mwenzi awe karibu. La pili, naye awe na hewa ya watu wawili, wawili wenye hofu. Mwenzi aliye mita 15 kutoka kwako akipiga picha ni sawa na nauli iliyo kwenye suruali uliyoiacha nyumbani.

Wazamiaji wa zamani hawakuwa hata na hicho. Wafaransa Jacques Cousteau na Émile Gagnan walipounda chombo chao cha kupumulia majini mwaka wa 1943, walifungua mlango wa bahari kwa watu wa kawaida, lakini kwa miaka mingi mitungi mingi ilitumiwa bila geji. Badala yake ilibuniwa valvu ya akiba. Pumzi ikianza kuwa nzito, mzamiaji alivuta waya kando ya mtungi, na hewa iliyozuiliwa ikafunguka kumrudisha juu. Hatari ilikuwa moja. Waya huo ukigusana na jabali, ulivutika wenyewe bila yeye kujua. Akaendelea kustarehe akiamini anayo akiba, kumbe ameshaanza kuitumia. Akiba usiyoweza kuiona inaweza kukudanganya.

Mtungi wa kando

Akiba ya pili ndiyo ile niliyoiona ubavuni mwa mwalimu: mtungi mdogo unaojitegemea, wenye kipumulio chake na geji yake. Chombo kikubwa kikiharibika, bomba likipasuka, au mwenzi akipotea katika maji machafu ya Sabaki, unautia mdomoni na kupanda.

Ukubwa wake ndio wenye maneno. Chukua mtungi wa lita 3 uliojazwa baa 200: una lita 600. Mtu mwenye hofu anayepumua lita 40 kwa dakika, akiwa mita 30, atatumia lita 160 katika dakika moja ya kutambua shida na kujiweka sawa. Kupanda kwa mwendo wa mita 9 kwa dakika kutamchukua zaidi kidogo ya dakika tatu na lita zipatazo 330. Hubaki kama lita 100, ambazo mtu akishatulia zitamtosha zile dakika tatu za kusimama kwenye mita 5. Mtungi huo basi ni nauli kamili, ingawa haina chenji.

Kuna pia vichupa vidogo kama chupa ya uji wa mtoto, vyenye vipumulio juu yake, vinavyouzwa kama akiba ya mfukoni. Kimojawapo kinachojulikana hubeba lita 85 hivi. Mtu mwenye hofu aliye mita 20 huhitaji lita 120 kwa dakika moja, na safari yake ya kwenda juu ni ya dakika mbili na zaidi. Kichupa hicho kitakwisha akiwa bado njiani. Kutoka mita 10 kinaweza kumfikisha, ilimradi aanze kupanda mara moja. Sisemi ni kitu kibaya. Nasema usikinunue kwa ajili ya mita 20 ukadhani umenunua usalama. Ni nauli ya kukufikisha Mtwapa tu, nawe unakwenda Mombasa.

Wapo walimu wasiopenda mtungi wa kando kwa wanafunzi wapya. Wanasema humwongezea mtu mzigo na kumpa ushujaa wa bure, akaacha kumwangalia mwenzake. Hoja yao ina uzito. Nimesikia wenye mitungi hiyo wakisema “hata nikiishiwa, ninao mwingine,” na hapo akiba imeshageuzwa kuwa matumizi. Tena yapo makosa ya kipumbavu yanayowapata hata wenye uzoefu: kuutia mdomoni kipumulio cha mtungi mdogo tangu mwanzo ukidhani ni cha mkubwa, kushuka na valvu yake ikiwa imefungwa, kutoujaza tangu safari iliyopita. Ndiyo sababu kipumulio cha akiba huwekewa alama ya rangi tofauti, na hujaribiwa ufuoni kila siku, kabla ya kila safari.

Nusu ya pumzi

Nikirudi Mombasa nilishuka Kilifi kumwamkia mjomba. Nyumba yake iko upande wa Mnarani, na kutoka barazani unauona mkono wa bahari na daraja lile juu yake. Amevua maisha yake yote. Katika ujana wake alikuwa akizamia kamba mawe nje ya miamba, bila mtungi, bila pweza, kwa miwani ya majini na pumzi aliyopewa na Mungu.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Umekonda. Kaa ule.”

Baada ya wali wa nazi na changu wa kukaanga nilimsimulia kisa cha Watamu, nikamweleza na hesabu za lita na baa. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akishona wavu. Kisha akaniuliza kama naujua mtego wa kamba mawe.

“Kamba huyo,” akasema, “mkubwa wake hukaa ndani ya shimo, nawe unamwona ukiwa pumzi imefika nusu. Kila mara ni hivyo. Ukinyosha mkono, yeye anarudi nyuma kidogo. Unanyosha tena. Wenzangu wawili walibaki huko, bado wamenyosha mkono.”

“Na wewe ulifanyaje?”

“Nikifika nusu nilikuwa namwacha. Nusu ya kwendea, nusu ya kurudia. Kesho yake nilimkuta palepale, au nilimkuta mwingine.”

Nilitoka nje kuutazama mtumbwi wake uliovutwa mchangani. Ndani mlikuwa na kasia la pili, kamba ya ziada, sindano na uzi wa kushonea tanga, na dumu la maji ya kunywa. Hakuna kitu hata kimoja kati ya hivyo alichokuwa amekitumia siku hiyo. Nilipomuuliza mbona anavibeba kila siku, aliniangalia kama mtu aliyeulizwa mbona nyumba ina paa.

Kabla hujalipa

Basi msomaji, ikiwa likizo ijayo wewe au mwanao mtashuka chini ya maji ya Malindi, Watamu au Kilifi, nawe nenda na maswali yako kabla ya kufungua pochi.

Uliza kama mwalimu ana cheti kinachotambuliwa, na akuonyeshe. Uliza atawaongoza watu wangapi kwa wakati mmoja. Kama ni mtoto, uliza umri: mashirika makubwa ya mafunzo huanza kumpa cheti mtoto wa miaka 10, na kwa umri huo hashuki zaidi ya mita 12, tena akiwa na mtu mzima aliyefunzwa. Asiye na cheti anayekwenda kuonja tu naye asishawishiwe kupita mita 12.

Uliza juu ya hewa. Kila mmoja atakuwa na geji yake? Kila mmoja atakuwa na pweza, naye amejaribiwa leo? Tutageuka tukiwa na baa ngapi? Kituo kina mtungi wa kando wa kukodisha, na mwalimu yuko tayari kukufundisha kuutumia kwenye maji mafupi kwanza? Kama una wako, ujue kwamba ndege hazikubali mtungi uliojaa, na kwamba mitungi hukaguliwa na kupimwa nguvu kila baada ya muda uliowekwa. Uliza kama mashuani kuna oksijeni ya huduma ya kwanza, na chumba cha mgandamizo kilicho karibu kiko wapi. Mwalimu wa kweli atayafurahia maswali hayo. Akikasirika, kunywa maji ya dafu uende kwa mwingine.

Halafu usipange kupanda ndege jioni ileile. Baada ya kuzamia mara kadhaa, mwili hutakiwa kupumzika saa 18 au zaidi kabla ya kuruka. Wala usifikiri basi ni salama kabisa: Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mlima ni mlima hata ukiupanda kwa gurudumu au kwa treni. Lala usiku mmoja zaidi. Tembea kwenye magofu ya Gede, kale embe ngowe Malindi, ukaitazame nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika huko mwaka wa 1498 na kupewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Hata yeye hakuondoka kwa kubahatisha.

Mimi nilirudi baharini. Mwezi uliofuata nilishuka na mwalimu yule yule, na mwenzi yule yule wa Nairobi, ambaye siku hii hakuniacha hata hatua tatu. Kasa alikuwapo, pengine ndiye yule, pengine nduguye. Nilimtazama kwa raha zote. Geji ilipofika baa 100 alikuwa bado anakula, na kwa kweli nilitamani dakika tano zaidi.

Nikamwonyesha mwalimu ishara ya nusu, tukageuka. Tulifika juu nikiwa na baa 60. Mwalimu akaisoma geji yangu, akacheka, akaniambia, “Leo umerudi na nauli na pesa ya chai.”